Chura, ndege na kasa: maswali yenu kuhusu nembo za mazao na malazi

Barua za mwezi huu zinazunguka jambo moja: zile nembo za kijani kwenye pakiti za kahawa na kwenye malango ya hoteli, zinazosema hapa wanyama na ndege wa porini hawakudhurika. Tumechagua tano.

Wahariri, shikamooni. Mimi ni katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Tuko wanachama 900, wengi wana kihamba kisichofika ekari mbili: kahawa, migomba na miti aliyoiacha babu. Mnunuzi alikuja akatutajia nembo ya chura, nembo ya ndege na nembo ya kilimo hai, kisha akapanda gari akaondoka. Tuanze na ipi, na itatuletea shilingi ngapi?
*Katibu, Moshi Vijijini*

Marahaba, katibu. Tuanze na shilingi, maana hapo ndipo vyama vingi vinapoumia. Hakuna hata moja kati ya nembo hizo inayokuja imeshika mkono wa mnunuzi. Huyo aliyeondoka mrudisheni, akae chini, aandike atachukua kilo ngapi zikiwa na nembo na ataongeza kiasi gani juu ya bei ya kawaida. Kisha pigeni hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, ada ya ukaguzi, vipimo vya maabara, nauli na posho za wakaguzi wenu wa ndani zinafika milioni 18 kwa mwaka, na chama kinauza kilo 60,000 za kahawa ya maganda. Kila kilo tayari imebeba shilingi 300 za gharama. Mnunuzi akichukua nusu tu kama kahawa yenye nembo, nusu nyingine ikaenda mnadani kama kahawa yoyote, mzigo unakuwa shilingi 600 kwa kila kilo yenye nembo. Nyongeza yake ikiwa chini ya hapo, mnamfanyia kazi bure.

Sasa tofauti zenyewe. Chura ni wa Rainforest Alliance, shirika lililoungana na UTZ, nembo nyingine ya mazao, mwaka 2018 na kutoa kanuni mpya mwaka 2020. Hapa viuatilifu vinaruhusiwa, isipokuwa vilivyo kwenye orodha yao ya marufuku. Shamba lililotokana na msitu uliofyekwa baada ya tarehe 1 Januari 2014 halikubaliki. Mnunuzi analazimika kumlipa mkulima nyongeza ya fedha taslimu, lakini kwenye kahawa kiwango chake ni cha kujadiliana. Kwenye kakao wameweka sakafu ya dola 70 kwa tani. Kwenye kahawa hakuna sakafu, kwa hiyo anayeingia mazungumzoni bila hesabu hiyo ya juu anatoka na alichopewa.

Ndege ni Bird Friendly ya Smithsonian, Marekani, na kwa upande wa miti ndiyo kali kuliko zote. Kwanza lazima muwe na cheti cha kilimo hai. Halafu kivuli cha miti kifunike angalau asilimia 40 ya shamba, tabaka kuu la miti lifike mita 12, na aina za miti zifike 10 au zaidi. Kihamba cha zamani chenye mringaringa, mruka na msesewe juu ya kahawa kina nafasi nzuri. Kihamba ambacho miti ya asili ilikatwa ikapandwa migrevilea mitupu hakipiti, hata kivuli kiwe kizito namna gani. Sababu iko kwa ndege mwenyewe: miti ya aina moja huchanua kwa pamoja na kupukutisha kwa pamoja, na katikati hakuna wadudu wala matunda ya kumshikilia hadi msimu unaofuata. Migomba msiihesabu kwenye tabaka la juu, haifiki mita 12.

Kivuli mnaweza kukipima wenyewe kabla hamjamlipa mkaguzi hata senti. Chukueni kipande cha bomba la plastiki chenye urefu wa shubiri moja. Tembeeni kihamba kwa mistari, msimame mara 20 kwa hatua zinazolingana, na kila mnaposimama tazameni juu moja kwa moja kupitia bomba. Ukiona majani ya mti, andika moja. Ukiona mbingu, andika sifuri. Majani mara 8 kati ya 20 ndiyo asilimia 40. Pimeni baada ya kupogoa. Vyama hupima kabla, vinafurahi, halafu mkaguzi anakuja wakati matawi yameshashushwa.

Kilimo hai ndiyo njia ndefu. Kwa soko la Ulaya, mazao ya kudumu kama kahawa hukaa miaka 3 ya mpito kabla ya kuvunwa kama mazao ya kilimo hai. Kanuni mpya za Ulaya zinataka kikundi chenyewe kiwe na hadhi ya kisheria, kisizidi wanachama 2,000, na wenye mashamba yasiyozidi hekta 5 wanakubalika bila shida. Hilo la hadhi ya kikundi lina uzito kuliko linavyoonekana. Kwa miaka mingi wasafirishaji walishika cheti kwa jina lao, na mkulima akiuza kwingine kahawa yake ilipoteza nembo njiani. Ulizeni cheti kitaandikwa jina la nani, na mlipate jibu kwa maandishi.

Mkaguzi wa nje hatembelei wote. Kwa chura anachukua angalau kipeuo cha pili cha idadi ya wanachama, yaani ninyi 900 ataingia kwenye vihamba 30. Kwa kilimo hai cha Ulaya ni asilimia 5, yaani 45. Hao wengine 855 wanalindwa na wakaguzi wenu wa ndani tu, na hapo ndipo vyeti vinapokufa. Makosa tunayoyajua ni madogo madogo: mwanachama anaazima bomba la kupulizia kwa jirani aliyetoka kupiga dawa ya magugu, kahawa inawekwa kwenye magunia yaliyohifadhi mbegu zilizotiwa dawa, au kwenye mashine ya kumenya, kahawa ya wasio wanachama inapita asubuhi na ya wanachama mchana bila kuosha ngoma. Maabara huipata. Dawa za shaba, mrututu na jamaa zake, zinaruhusiwa kwenye kilimo hai cha Ulaya, lakini shaba halisi isizidi kilo 28 kwa hekta kwa miaka 7. Kama chulebuni, ule ugonjwa wa matunda ya kahawa, inawalazimisha kupiga zaidi ya hapo, anzeni kwanza kubadili miche. Aina za TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, zinazovumilia chulebuni na kutu ya majani ni dawa ya bei nafuu kuliko cheti kilichofutwa.

Ushauri wetu: kama wanachama wengi hawapigi dawa za viwandani hata sasa, ingieni kilimo hai, na mwaka wa tatu mwombe ndege pamoja na ukaguzi wa kilimo hai ili nauli ya mkaguzi iwe moja. Kama wanapiga, anzeni na chura. Njia yoyote mtakayoshika, chukueni alama za GPS za kila kihamba mapema. Sheria ya Ulaya ya kuzuia bidhaa zilizotokana na ukataji misitu, ambayo mstari wake ni tarehe 31 Desemba 2020, inazitaka, na nembo yoyote haichukui nafasi yake. Shamba lisilozidi hekta 4 linahitaji alama moja yenye tarakimu 6 baada ya nukta. Na msisahau alama ya kutoa mbele ya latitudo: 3.25 bila alama hiyo inauhamisha mkahawa wa Moshi hadi ng'ambo ya ikweta, karibu na jangwa la Chalbi, na kompyuta ya mnunuzi haina ucheshi.

Hamjambo wahariri. Nina ekari moja ya mahindi na pojo karibu na Mlima Sagalla, Voi. Ndovu wamenila misimu miwili mfululizo. Nimeona majirani wamezungusha mizinga ya nyuki. Inafanya kazi kweli? Na asali yake naweza kuiuza kwa nembo ya kulinda ndovu?
*Mama mkulima, Voi*

Hatujambo, mama, na pole kwa hasara. Inafanya kazi, kwa sharti kwamba ndani ya mizinga mna nyuki. Utafiti wa miaka 9 uliochapishwa mwaka 2024 na Lucy King wa Save the Elephants na wenzake, uliofanywa huko huko Sagalla, ulionyesha kwamba katika misimu mizuri ya mazao ua wa mizinga uliwageuza hadi asilimia 86 ya ndovu waliosogea. Utafiti huo huo ulionyesha upande wa pili: baada ya ukame wa 2017 mizinga yenye nyuki ilipungua kwa asilimia 75, na ulinzi ukalegea nayo. Ndovu ana ngozi nene, ila nyuki humwingia machoni, nyuma ya masikio na ndani ya mkonga, na hayo hayasahau.

Ekari moja ya mraba ina mzunguko wa mita 255 hivi. Kila baada ya mita 10 unaning'iniza kitu, zamu kwa zamu: mzinga, kisha ubao wa plaiwudi uliokatwa kama mzinga na kupakwa rangi ya njano, kisha mzinga. Kwa hiyo utahitaji mizinga 12 au 13 na mbao kama hizo hizo. Mzinga uning'inie kati ya nguzo mbili, kifuani kwa mtu mzima ili kuvuna kusikusumbue, na juu yake uwe na kipaa kidogo cha kivuli, kwa sababu nyuki wanaochomwa na jua huhama.

Waya ndio unaoharibiwa na wengi. Waya wa kuunganisha lazima ushikane na waya unaoning'iniza mzinga, ili ndovu akisukuma katikati, mizinga ya pande zote mbili iyumbe na nyuki watoke. Ukiufunga kwenye nguzo, ndovu anaukata waya, nyuki wamelala, na wewe unabaki na ua wa kawaida wa bei ghali. Langoni weka waya huo huo wenye ndoano ya kufungua mchana. Ndovu hujua pengo lilipo. Weka maji ya nyuki wakati wa kiangazi, kwenye beseni lenye mawe ili wasizame, na usivune hadi sega la mwisho. Paka grisi kwenye waya za kuning'iniza kuzuia siafu. Kama kuna nyegere, funga mfuniko kwa waya, maana yeye hakuachi hata sega la watoto.

Nembo sasa. Jina la "Elephant-Friendly Honey" ni la mradi wa Elephants and Bees wenyewe, usiliandike kwenye chupa yako. Ingia kwenye kikundi kinachowauzia. Nembo ya kimataifa ya Certified Wildlife Friendly, ya mtandao ulioanzishwa mwaka 2007, ina tawi lake la chai ya Assam, India, ambako mashamba hutakiwa kusawazisha mitaro ya maji kwa sababu ndama wa ndovu hutumbukia wasiweze kutoka. Ni nembo nzuri, lakini mtu mmoja mwenye mizinga 12 hawezi kuibeba. Inayokufaa ni Kilimohai, nembo ya Afrika Mashariki iliyozinduliwa mwaka 2007, kwa sababu inakubali mfumo ambao wakulima wa kikundi hukaguana wenyewe kwa utaratibu ulioandikwa, na gharama yake ni ya vikao zaidi kuliko ya nauli ya ndege na hoteli za mkaguzi. Kwa Kenya ulizia KOAN, mtandao wa kilimo hai wa nchi hiyo.

Ukilenga asali ya kilimo hai ya Ulaya, eneo la kilomita 3 kuzunguka mizinga liwe pori au mashamba yasiyopigwa dawa kwa sehemu kubwa. Shamba kubwa la mkonge linalopuliziwa ndani ya eneo hilo litakukwamisha. Kwa soko lolote, maji ndani ya asali yasizidi asilimia 20. Vuna masega ambayo robo tatu yake au zaidi imezibwa kwa nta, na kikundi kinunue kipima maji kimoja cha mkononi. Asali mbichi huchacha dukani, na mteja akifungua chupa ikatoa povu hataulizia habari za ndovu.

Wahariri, nasimamia hoteli ya vyumba 24 ufuoni Watamu. Wakala wetu wa Ujerumani ameandika kwamba ataliondoa neno "rafiki wa mazingira" kwenye ukurasa wetu tusipokuwa na cheti. Kasa wanataga mbele yetu kila mwaka! Cheti gani tena?
*Meneja, Watamu*

Ndugu meneja, wakala wako hakuonei. Umoja wa Ulaya umepitisha agizo la 2024 litakaloanza kutumika tarehe 27 Septemba 2026. Maneno ya jumla kama "rafiki wa mazingira" bila ushahidi yanakatazwa, na nembo ya uendelevu lazima itokane na mfumo wa ukaguzi huru au mamlaka ya serikali. Kile kijani chenye jani mlichochora wenyewe kwenye brosha kitoeni mapema.

Kenya ina mfumo wake, wa Ecotourism Kenya, unaotoa daraja la shaba, fedha na dhahabu tangu 2002. Muulize wakala kama anaupokea. Mawakala wengi wa Ulaya hutaja GSTC, baraza la kimataifa la utalii endelevu, na hapo watu huchanganyikiwa: GSTC haimpi hoteli cheti. Inaandika vigezo, kisha inatambua kanuni za wengine na kuidhinisha mashirika yanayokagua. Kanuni "kutambuliwa" ni hatua ya chini. Shirika la ukaguzi "kuidhinishwa" ni ya juu zaidi. Mwenye kukuuzia cheti mwambie akuonyeshe yuko wapi kati ya hayo mawili.

Kuhusu kasa, kuwa na viota mbele ya hoteli hakukupi alama hata moja. Unakaguliwa ulichowafanyia. Usiku usio na mwezi shuka ufuoni, ulale kifudifudi mchangani pale mayai yanapotagwa, uinue kichwa kiasi cha kiganja. Kila balbu unayoiona moja kwa moja ni kosa, maana kinda akitoka kiotani hufuata upande wenye mwanga, ambao bila umeme ungekuwa ni bahari. Taa za lazima ziwe za rangi ya kaharabu au nyekundu, mawimbi ya mwanga yenye urefu wa zaidi ya nanomita 560, zimefunikwa juu na kuelekezwa chini. Vyumba vya mbele viwe na mapazia mazito. Mara nyingi mkosaji ni baa, na sababu ni kwamba taa zake zinawekwa na fundi wa muziki bila kumuuliza mtu. Viti vya jua viondolewe mchangani kila jioni. Kasa jike akigonga kiti hugeuka akarudi baharini bila kutaga. Mchanga msiuchambue kwa mashine.

Hayo yote yaandikwe. Hoteli nyingi hufeli zikiwa na sera nzuri ya kurasa 30 na hazina hata usomaji mmoja wa mita. Anzeni leo: mita ya maji kila Jumatatu, lita za dizeli, kilo za mkaa, kilo za taka kwa aina zake, idadi ya waliolala. Gawa maji kwa idadi ya usiku wa wageni, uwe na miezi 12 mfululizo kabla mkaguzi hajaja. Karo lenu liko umbali gani na mwambao, na linanyonywa na nani, na gari linamwaga wapi? Risiti ya swali hilo la mwisho ndiyo inayokosekana kila mara. Ukitaka kuona mtu anavyofika mwisho kabisa wa njia hii, kuna Kisiwa cha Chumbe, Zanzibar: maji ni ya mvua iliyovunwa paani, choo hakivutwi kwa maji, na usiku wageni hutembea kwa tochi kwa sababu nje hakuna taa.

Assalaam alaikum. Chokoleti ninayonunua hapa Maskati ina chura, lakini kwa herufi ndogo imeandikwa kwamba kakao imechanganywa. Ndiyo nini?
*Msomaji, Oman*

Waalaikum salaam. Kwenye kakao unaruhusiwa mfumo wa mizani ya ujazo. Ufikirie kama M-Pesa: umeweka noti zako Voi, ndugu yako akatoa Kisumu. Kiasi ni kile kile, noti si zile zile. Kiwanda kikinunua tani 100 za kakao ya mashamba yenye cheti kikazichanganya na nyingine, kinaruhusiwa kuuza kiasi kinacholingana kikiwa na nembo. Kwa hiyo mkulima mwenye cheti kalipwa, ila punje ulizokula huenda hazikutoka kwake.

Sisi ni wafugaji wa Simanjiro. Kijijini tumekubaliana kutoua simba hata akila ng'ombe. Je, kuna nembo ya nyama itakayotupa bei?
*Kamati ya malisho, Simanjiro*

Wazee wetu, shikamooni. Kusema kweli, msiihesabu kwa sasa. Tatizo la nyama ni njia yake: ng'ombe akifika mnadani hubadilisha mikono mara mbili au tatu, huchanganywa na wa vijiji vingine, hana heleni ya utambuzi, na hakuna mkaguzi anayeweza kuapa kwamba kipande kilichoko Arusha kilitoka kwenu. Atakayewaletea nembo ya nyama kabla ya kuzungumzia heleni na machinjio maalumu, mpeni chai aende.

Fedha kidogo mlizonazo ziwekeni kwenye boma. Kuna ukuta hai, ambao shirika la African People & Wildlife limeueneza huko huko kwenu: fito za miti ya jamii ya Commiphora huchimbiwa, huchipua na kuwa nguzo zisizooza, kisha hufungwa seng'enge ya kusuka. Ng'ombe waliolala ndani hawamwoni simba, hawapagawi wakavunja boma la miiba wenyewe na kukimbilia gizani, jambo ambalo ndilo simba alikuwa analisubiri. Pandeni fito karibu na mvua za masika. Seng'enge msiikaze sana, mti unanenepa na kuumeza waya. Sehemu ya chini ifukieni au ilazwe mawe, kwa sababu ya fisi. Mti wenye tawi linaloingia juu ya boma ukatwe tawi hilo, la sivyo mmemjengea chui ngazi. Ukuta huo unalinda usiku tu; mchana machungani kazi bado ni ya mchungaji mtu mzima, si mtoto wa miaka tisa.

Na mzoga wa ng'ombe aliyeliwa usitiwe sumu na mtu yeyote, hata wa kijiji jirani. Karbofurani, ile dawa ya kuua wadudu, kwenye mzoga mmoja huua simba, fisi, mbwa wenu na tumbusi kwa makumi. Langoni wekeni mlango wa bati la pipa uliofungwa kwa komeo. Mkishajenga ukuta wote kwa seng'enge kisha mkafunga lango kwa tawi la mgunga, simba atapita hapo.